Unga wa Trichoderma kwenye tangawizi: ununue au uuache?

Hamjambo watazamaji. Pakiti hii ni unga wa Trichoderma, ule ukungu rafiki unaouzwa kwenye agroveti za hapa Nairobi kuzuia mizizi kuoza. Leo tunauangalia kwa zao moja: tangawizi.

Ndani ya pakiti mna kiumbe hai, kwa hivyo kabla ya kuuliza bei, igeuze. Tafuta nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosajili dawa za wadudu na magonjwa ya mimea, tarehe ya mwisho wa matumizi, na idadi ya mbegu za ukungu kwa kila gramu. Halafu tazama ilikuwa imewekwa wapi. Kama ilikaa dirishani ikipigwa na jua, iache hapo hapo.

Kuoza kwa tangawizi mara nyingi huletwa na Pythium, kimelea kinachopenda udongo uliotuama maji. Trichoderma hujizungusha kwenye nyuzi zake, huziyeyusha na kuzila. Lakini lazima itangulie shambani. Tangawizi ikishaoza, hakuna unga utakaoirudisha.

Kumwaga unga mkavu kwenye udongo ni kupoteza pesa. Uache ukungu uzaliane kwanza: changanya gramu 100 za unga na kilo 10 za samadi iliyooza kabisa, maana samadi mbichi hupata joto likaua ukungu. Nyunyizia maji hadi ukifinya konzi ishikamane bila kudondosha tone. Maji ya mfereji yana klorini, basi yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha. Funika kwa gunia bichi kivulini, geuza kila siku 3 au 4. Baada ya siku 7 hadi 15 utaona utando mweupe ukigeuka kijani. Baridi ya Julai huchelewesha. Ukisikia harufu ya uvundo, maji yalizidi. Weka konzi moja kwa kila shimo, chini ya kipande cha mbegu, na urudie unapoinulia udongo, jioni jua likishapoa.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu wakulima wengi huilaumu pakiti bure. Mmea ukinyauka, kata shina karibu na ardhi, utumbukize ncha kwenye glasi ya maji safi. Mkiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka polepole, huo ni mnyauko wa bakteria, na Trichoderma haiutibu. Ng'oa mmea pamoja na udongo wake, wala usirudishe hapo tangawizi, nyanya, viazi au pilipili.

Dawa za ukungu kama mankozebu na za shaba msizichanganye na Trichoderma kwenye pampu moja. Pisha wiki 2 kati yake.

Uamuzi wetu: kwa shamba linalopitisha maji vizuri na mbegu safi, inunueni. Kwa shamba la bondeni linalotuama maji, pesa hizo chimbeni mitaro kwanza.