Taa haina kosa, duka ndilo lililoniunguzia tumbawe

Nianze na taa yenyewe, isije ikadhulumiwa: sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na duka la samaki wa mapambo hapa Maskati lililoniuzia, na hasa kijana wa kaunta.

Ilikuwa kabla ya Ramadhani. Tangi langu la maji ya chumvi lilishatulia, nikataka taa ya LED ya kukuzia matumbawe. Nikamuuliza yule kijana, kwa Kiswahili maana mamake ni wa Unguja kama mimi, niiwashe kwa nguvu kiasi gani. Hakuuliza tangi lina kina gani, wala taa itaning'inia juu kiasi gani, wala nafuga matumbawe ya aina gani. "Mia kwa mia, mjomba. Wewe mtu wa pwani, hujui matumbawe yanataka jua?"

Nikafanya hivyo. Tumbawe langu la kwanza, lile la vidole vyenye ncha kama vichwa vya nyundo, siku ya tatu likajikunja. Wiki ya pili likawa jeupe. Mwaka 1998 nilikuwa nyumbani bahari ilipopata joto na matumbawe yakapauka, na weupe ule siusahau. Tumbawe hupauka linapotema mwani mdogo mno unaoishi ndani ya mnofu wake na kulilisha. Joto huleta hayo, na mwanga uliozidi nao huleta. Maji yangu hayakupanda kupita nyuzi 25. Sasa ni nini kama si taa?

Nikarudi dukani na picha. "Mjomba, labda maji yako machafu." Mbele ya wateja! Mimi ninayepima chumvi kila asubuhi kabla sijanywa chai!

Nikajaribu kupima mwanga kwa programu ya simu, ikaniambia mwanga ni mdogo. Nusura niongeze taa ya pili. Kumbe taa hizi zimejaa buluu, na programu zile hupima mwanga kwa kadiri jicho la binadamu linavyouona, nalo buluu haliioni sawasawa. Kinachofaa ni kipimo cha PAR, ambacho huhesabu mwanga ule unaoweza kutumiwa na mwani, na kichwa chake huzamishwa majini pale pale tumbawe lilipo.

Jirani mwenye tangi akaniletea kimoja. Juu ya jiwe: 420. Tumbawe la aina yangu hustarehe kati ya 80 na 150 hivi! Tukashusha taa hadi asilimia 30, tukapata kama 125, kazi ya robo saa. Nikamuuliza alikinunua wapi. "Sikununua. Nimekikodi." Dukani kwa yule yule kijana. Kimekaa kwenye droo, chini ya kaunta ile ile niliyoegemea nikiuliza swali langu.

Nilitaka kuandika msiende kabisa. Lakini kukodi ni nafuu, na kipimo ni kizuri, basi nendeni mkikodi, mpime wenyewe, na mwanga mpandishe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Hapana, nafuta. Kama una jirani mwenye nacho, kaazime kwake. Fedha yangu duka lile hawaioni tena.

Juzi vidole viwili vimeanza kurudisha ukahawia. Cha tatu kimebaki mfupa mtupu.