Rodi na rili za kuvulia besi wa mdomo mdogo, Ziwa Erie na St. Clair

Samaki huyu, besi wa mdomo mdogo, si ndugu pacha wa wale besi wa Ziwa Naivasha. Wa Naivasha ni wa mdomo mkubwa, walipelekwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, nao hupenda kujificha kwenye majani. Huyu wa huku Marekani anakaa kwenye mawe. Akinaswa anaruka juu, kisha anazama chini ya boti kwa nguvu. Na maji ni maangavu: tangu kome wa pundamilia, kome wadogo wenye milia, waonekane St. Clair mwaka 1988, wamekuwa wakiyachuja mchana na usiku. Kwa hiyo uzi lazima uwe mwembamba, na uzi mwembamba unaokolewa na breki ya rili, ile inayoachia uzi samaki akivuta kwa nguvu.

Ipime dukani. Legeza breki, vuta uzi polepole kwa vidole. Bobini, yaani gurudumu linalobeba uzi, ianze kuzunguka laini, bila kushtuka. Ikigoma kidogo halafu ikaachia ghafla, iache hapo hapo.

Chaguo langu la kwanza: rodi ya futi 7 iliyoandikwa ML (nguvu ya wastani iliyo nyepesi) au M (nguvu ya wastani), ncha ipinde upesi lakini shina libaki gumu, pamoja na rili ya saizi 2500. Rili ya Pflueger President inapatikana chini ya dola 100 na breki yake ni laini kuliko bei yake. Ukiwa na nyongeza kidogo, chukua Shimano Nasci. Kwa seti hii utarusha chambo cha robo aunsi siku nzima bila mkono kuchoka.

La pili ni Shimano Stradic, zaidi ya dola 200. Ni rili bora kabisa, sibishi, ila anayeanza atafaidika zaidi akiiweka tofauti ya bei kwenye rodi na uzi.

La tatu ni seti ya Ugly Stik, rodi na rili zilizokwisha fungwa pamoja. Mnunulie mtoto, haivunjiki ovyo. Lakini ncha yake ni nzito, na mguso mdogo wa samaki hutausikia.

Rili za saizi 4000 waachie wavuvi wa baharini.

Uzi sasa, na hapa usibane pesa. Jaza bobini uzi wa kusuka unaohimili ratili 10, mbele unganisha futi 6 hadi 8 za fluorokaboni, uzi wa plastiki angavu, inayohimili ratili 8. Uzi wa kusuka haunyumbuki, kwa hiyo unahisi hata chambo kinapogusa mwamba. Fluorokaboni haionekani kirahisi majini. Adui yake ni wale wale kome, makali kama vigae. Kila baada ya samaki, pitisha futi mbili za mwisho kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukihisi mkwaruzo wowote, kata, funga ndoana upya, ndipo urushe tena.