Tahadhari: anakuuzia ndege nyepesi "mpya" kwa uzito wa karatasi

Ndugu zangu mnaotafuta ndege nyepesi ya viti viwili ya kurusha wenyewe, someni hapa kabla hamjalipa kianzio. Mimi nimeshalipa, na ndege niliyopata siyo niliyoahidiwa. Muuzaji simtaji jina. Ninachotaka mkijue ni mbinu zake.

Alinipa karatasi inayosema ndege tupu ina 325 kg. Uzito wa juu wa kurukia ni 600 kg, kikomo ambacho Marekani ilikiweka mwaka 2004 na ndege nyingi za kundi hili zikajengwa kukifuata. Nikapiga hesabu palepale: mimi na mke wangu 167 kg, mabegi 13 kg, inabaki 95 kg ya mafuta. Tangi la lita 110 likijaa halifiki hata 80 kg. Nikaona nimepata ndege ya safari. Ndipo akaanza kuniongezea vifaa: skrini ya pili, rubani wa otomatiki (kifaa kinachoirusha ndege chenyewe), parachuti ya kubeba ndege nzima, magurudumu makubwa, viti vya ngozi. Nikawa nakubali kimoja baada ya kingine, na ile 325 ikabaki vilevile kwenye karatasi.

Ndege ilipofika nilimwita fundi asiyemjua muuzaji aipime. Alitoa mafuta, akafunga milango ya hanga upepo usiiyumbishe, akaweka mizani moja chini ya kila gurudumu. Jumla ilikuja 385 kg. Akarudia, ikawa ileile. Na rubani wa otomatiki hata hakuwemo! Vifaa nilivyoongeza haviwezi kufikisha 60 kg, kwa hiyo karatasi ile ilikuwa ya ndege nyingine iliyovuliwa kila kitu. Sasa tukipanda wawili na mabegi yetu, mafuta hayazidi 35 kg, kama lita 48. Injini yangu, Rotax 912 ya nguvu za farasi 100, inakunywa lita 18 hadi 20 kwa saa. Ukitoa akiba ya nusu saa, zinabaki saa mbili tu angani.

Nilipolalamika muuzaji akaniambia sheria mpya ya Marekani ya 2025 imeondoa kikomo cha 600 kg, "wewe jaza tu". Hapo naomba mnisikilize vizuri. Sheria ile imefungulia mlango ndege nzito zaidi, lakini haikuongeza nguvu bawa la ndege yangu wala miguu yake. Uzito alioandika mtengenezaji kwenye kitabu cha ndege ndio unaokubana. Kumwambia rubani mgeni ajaze tu, siku ya joto, kwenye njia fupi ya kurukia, ni kucheza na roho za watu. Hilo limeniuma kuliko pesa.

Huyo rubani wa otomatiki, muuzaji aliahidi kuja kumfunga mwenyewe baadaye. Nimekataa. Kwa utaratibu wa Marekani, ndege ya kundi hili iliyotoka kiwandani imekamilika haiongezwi kifaa cha namna hiyo bila idhini ya maandishi, kwa kawaida ya mtengenezaji.

Halafu mulikeni tochi nyuma ya viti. Lebo ya roketi inayofyatua parachuti yangu ilionyesha imetengenezwa miaka mitano nyuma, kwenye ndege niliyouziwa kama mpya. Roketi ina tarehe ya kuisha hata isipofyatuliwa, na kuibadilisha si kazi ndogo. Angalieni na injini: mipira ya mafuta na ya maji kwenye Rotax hubadilishwa kila miaka 5 hata kama saa za kuruka ni chache.

Alinikimbiza pia nilipe haraka. Nafasi ya mwisho kiwandani, lipa leo, tena kwenye akaunti yake binafsi. Picha zote alizotuma hazikuonyesha kibati cha namba ya ndege. Kianzio kishikwe na mtu wa tatu, na mkataba utaje namba za ndege, injini na parachuti, pamoja na uzito ambao ukizidi unarudishiwa pesa. Mpigieni mtengenezaji wenyewe muulize kama anamtambua huyo wakala. Mimi nilipiga nikiwa nimeshachelewa.

Viti vya ngozi na skrini ya pili nimeshavitoa, mizani sasa inasoma 374. Kama una karatasi ya uzito mkononi, tafuta namba ya ndege na tarehe ya kupimwa. Yangu haikuwa na hata kimoja.