Maiki na hedifoni za kurekodia geto, uzoefu wangu baada ya kuliwa hela

Mi narekodia geto, chumba kimoja cha kupanga Tandika, juu bati, dirisha linatazama njia ya bodaboda. Nalisema hili mapema maana wengi wanaoshauri maiki wana chumba kimya, sisi wengine hatuna.

Mara ya kwanza nilienda Kariakoo na elfu tisini nikatoka na maiki ya kondensa, ile aina inayonasa hata sauti ndogo, jina hata silikumbuki, boksi zuri, stendi ndani, popu filta (kile kichujio cha kuzuia pumzi ya mdomo) ndani, na muuzaji kaniambia we chomeka tu kwenye laptop. Nimefika nachomeka, sauti ndogo kama naimba ndani ya mtungi, kumbe kondensa za vile zinataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye intafesi, kile kiboksi cha kuunganisha maiki na laptop, na tundu la laptop halitoi huo umeme. Nikajichanga tena, nikapata intafesi ndogo yenye kitufe cha 48V, nikawasha, eeeh ikasikia. Tatizo ikasikia kila kitu: feni, jogoo, mama mwenye nyumba anaita mtoto, bodaboda inabadili gia. Vesi moja nilirudia mara kumi na moja na ile safi kuliko zote ina adhana ya alasiri kwa nyuma.

Nikaiuza. Nikachukua Shure SM58 ya mtumba kwa jamaa wa bendi ya harusi, laki na nusu, wavu umebonyea lakini inapiga kazi. Maiki hii ipo sokoni toka 1966 na hadi leo majukwaani utaikuta. Ni dainamiki, aina isiyo na masikio makali kama kondensa, hizo volti haihitaji. Ila uisogelee, vidole vitatu hivi toka mdomoni, ukikaa mbali utapandisha geini (nguvu ya kukuza sauti ya maiki) na ule mlio wa shhhh unakuja, na ukikaribia besi ya sauti inaongezeka, kwa sauti nyembamba kama yangu hiyo ni faida. Halafu inachukua ya mbele, ya nyuma inaipunguza sana, kwa hiyo mkia wake ndo uelekee dirishani. Na blanketi mi nilikuwa natundika nyuma ya maiki, halisaidii kitu, litundike nyuma ya mgongo wako maana huko ndo maiki inakotazama. Ule mng'ao wa kondensa haina, lazma uongeze kidogo sauti za juu kwenye ikwalaiza. Feki zimejaa mjini pia, mi sikutoa hela mpaka nimeijaribu kwenye mikisa ya jamaa mwenyewe.

Hedifoni nako nililia. Za blutuuthi zinachelewesha, biti inafika sikioni ishapita, unajiona uko ndani kumbe uko nje. Na zile zangu zilijazwa besi, nikawa naikata kwenye miksi, siku wimbo umepigwa kwenye spika ya kinyozi ukasikika kama debe. Sasa natumia Audio-Technica ATH-M20x, za waya, zimefungwa nyuma kwa hiyo biti haivuji sana kuingia kwenye maiki, ukinzani wake omu 47 tu, yaani hazitaki nguvu nyingi, hata laptop inazisukuma. Waya wake hauchomoki, ukikatika ni kwa fundi, na kwa joto la Dar mwezi wa pili masikio yanaloa, kila nusu saa navua.

Mvua juu ya bati bado sijaipatia dawa, ikinyesha siku hiyo nagonga biti tu.