Jiko la kauri ni zuri, ila wauzaji wa vifaa vyake Mungu awasamehe

Nitaanza na jiwe, maana ndilo lililonipandisha presha.

Jiwe ninalolisema ni lile bapa la mviringo linalokaa katikati ya mkaa na wavu, ili moto usikirambe chakula moja kwa moja bali upite pembeni, upande hadi kwenye kifuniko, kisha joto lirudi chini. Jiko hili la kauri, lile la mkaa lenye umbo la yai na kifuniko chake, bila jiwe ni la kuchomea mishkaki tu, na kwa mishkaki hata jiko la bati la pale sokoni linatosha. Ukiliwekea jiwe ndipo linageuka oveni. Mimi nililitaka kwa ajili ya mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui. Waliokulia Tanga, Pemba au Unguja hawahitaji maelezo: mkate ule unataka moto chini na moto juu, na bibi zetu walikuwa wanapalia makaa juu ya kifuniko cha sufuria huku machozi yanawatoka kwa moshi. Nilipoliona jiko hili kwa mara ya kwanza kwenye simu, mdogo wangu aliyeko Muscat akinionyesha kuku wake, nilimwambia hapo hapo, huyo kuku achana naye, hapo ni pahala pa mkate.

Jiko lenyewe nimelipata kwa mtu aliyekuwa anahama, halina tatizo, na sitalielezea sana. Ni dogo, wavu wake una upana wa inchi 13, linakaa barazani juu ya meza ya tofali. Kilichobaki kilikuwa vifaa: jiwe, gasketi ya mdomo (utepe wa kuziba hewa kifuniko kikilala) maana ya zamani ilishaungua, geji ya kupimia joto, na wavu wa ziada. Vitu vinne. Nikaenda duka moja hapa Dar, lile la vioo lenye kiyoyozi. Jina silitaji, wenyewe wakisoma watajijua.

Kijana aliyenipokea alinitazama, akatazama nyuma yangu, kisha akauliza, "Mzee yuko wapi?"

Mzee gani?

"Mzee wa nyumbani, mama. Haya majiko huwa wanaume ndio wanayatumia. Angekuja mwenyewe ningemwelekeza vizuri."

Jamani. Mzee wangu mimi namheshimu sana, lakini kiberiti cha nyumba yake hajui kinakaa wapi. Miaka yote hii nimepika pilau la watu mia kwenye mafiga, leo kijana mwenye kitambulisho shingoni ananiambia moto ni mambo ya wanaume! Nilimeza. Nikamwambia mimi ndiye ninayepika, nitajie bei.

Akaona anielimishe. Akaanza historia: kwamba asili ya majiko haya ni Japani, huko yanaitwa kamado, kwamba Wamarekani waliokuwa huko baada ya Vita Kuu ya Pili waliyapenda wakayabeba kwao, kwamba mwaka 1974 ikaanzishwa kampuni moja kule Atlanta, Big Green Egg, iliyoyafanya yajulikane. Yote kweli tupu, sina ugomvi na historia. Lakini nilipomwomba tepu nipime jiwe, hakuwa na tepu. Duka zima hakuna tepu! "Hili linakaa majiko yote madogo, mama, usiwe na wasiwasi." Nikamwuliza, majiko yote madogo ya nani? Akacheka, akageukia simu yake.

Tena akanipa na ushauri wa bure nisioomba: nikitaka mkaa ushike haraka ninyunyize mafuta ya taa kidogo. Kwenye kauri! Udongo ule una vitundu vidogo vidogo, ukinywa mafuta ya taa umekwisha, kila utakachopika kitanuka kibatari kwa muda mrefu sana. Hilo nilikuwa nalijua tangu Muscat waliponiambia, lakini wapo watu wanaomwamini mwenye kitambulisho.

Kwenye kulipa nikaulizwa kama nataka bei ya risiti au isiyo ya risiti. Nikasema ya risiti, TRA, watu wa kodi, wametuambia tudai. Akakata risiti kwa uso ambao ungedhani nimemkopa.

Sasa lile jiwe. Ikaja jioni ya Ramadhani, nina wageni wa futari, nimeloweka mchele tangu usiku, nimesaga na tui na iliki, unga umeumuka vizuri unatoa povu. Nikaweka mkaa, ukashika, nikaweka jiwe, wavu, sufuria, nikafunika. Geji ikapanda, ikasimama, ikaanza kushuka. Nikafungua kitundu cha chini chote, kikaachama. Cha juu nikakifungua chote. Joto likazidi kushuka. Nilipofunua, moto ulikuwa umesinzia na mkate umelala, juu mbichi, katikati uji. Adhana inaadhiniwa, wageni wanafuturu kwa tende, na mimi nimesimama na kijiko cha uji wa mchele mkononi.

Sababu niliigundua lilipopoa. Jiwe lilikuwa limejibana ukutani pande zote. Majiko haya yana umbo la yai, kwa hiyo upana wa mdomoni si upana wa tumboni wala wa kule chini jiwe linakokaa. Jiwe lazima liwe dogo kuliko ukuta wa mahali linapokaa, libaki na mwanya wa kama vidole viwili kuzunguka, maana hapo ndipo hewa ya moto inapopita kwenda juu. Likiziba, jiko halivuti, na moto usiovuta unakufa hata ungefungua vitundu vyote. Tena kauri ikipata joto inatanuka. Jiwe lililobana linaweza kupasua ukuta wenyewe. Yaani ile takataka ingeweza kuniulia jiko.

Nikalirudisha dukani. Kijana yule yule. Hata salamu hakumaliza, akaliona jiwe limefuka masizi, akasema, "Hili umeshalichoma." Mwanangu, jiwe la kukingia moto nitalijaribu kwa kitu gani, kwa feni? Akanionyesha ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nikamwomba meneja. Meneja akatoka, mtu mzima mwenzangu, nikasema afadhali. Akanisikiliza nusu, akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Mama, ulisoma maelekezo? Au mlete mzee tumwelekeze."

Hapo ndipo niliposema maneno ambayo sitayaandika. Nilitaka nilipeleke suala Tume ya Ushindani, wanaotetea wanunuzi, sheria ipo tangu 2003 na risiti ninayo. Sikwenda, kwa sababu foleni ya mjini naijua, lakini risiti nimeihifadhi kwenye Msahafu, na hasira pia bado ninayo.

Nikalibeba jiwe langu mpaka mtaa wa Gerezani, kwa mafundi wa chuma hapa Dar. Kule hakuna kiyoyozi, kuna cheche na kelele. Fundi mmoja, mtu wa makamo, akanikalisha kwenye debe. Hakuniuliza mzee. Aliniuliza, "Dada, jiko umekuja nalo?" Sikuwa nalo, ni zito mno. Akasema basi rudi nyumbani, kata boksi mviringo, lipunguze mpaka liingie pale jiwe linapokaa na vidole vyako viwili vipite pembeni, uniletee hilo boksi. Hilo ndilo somo zima la kuchagua vifaa vya majiko haya, limetolewa na mtu aliyevaa ovaroli iliyoungua, wala jina la kamado hajawahi kulisikia. Boksi! Siyo inchi za kwenye karatasi.

Nilipompelekea akalichora juu ya jiwe kwa chaki, akachukua grainda yenye diski ya kukatia vigae, kijana wake akawa anamwagia maji polepole, jiwe likapunguzwa likawa mviringo wa haki. Akatengeneza na kigoda cha miguu mitatu cha stenlesi, jiwe likae juu ya mkaa bila kuugusa. Kabla sijaondoka akauona ule wavu wa ziada niliouziwa, unaong'aa kama kioo. Akaugeuza kwenye mwanga, akanionyesha maua maua ya kijivu. "Hii zinki hii. Usiweke motoni kabisa. Sisi tukichomelea bati la zinki moshi wake unatupa homa, usiku mtu anatetemeka." Kumbe na wavu nao! Nimewauzia watu wa vyuma chakavu, na siwashauri mchukue wavu wowote wa kung'aa kwa bei ya kutupa. Chukueni wa stenlesi au wa chuma kizito cha kumimina kwenye kalibu, huo wa chuma mpake mafuta ya kula baada ya kuosha usishike kutu, hasa sisi wa karibu na bahari.

Basi niliyemlipa pesa kidogo ndiye aliyenipa kazi, na niliowalipa nyingi ndio walionipa historia ya Japani.

Lakini nisiwaonee. Gasketi yao ni nzuri, hilo sitalificha hata kama linanikera kulisema. Ni ule utepe mnene wenye gundi nyuma, unabandikwa mdomoni ili kifuniko kikilala kisipitishe hewa. Nilikwangua ya zamani mpaka kauri ikabaki safi, nikafuta, nikabandika bila kuuvuta (ukiuvuta unakuja kujikunja baadaye na kuacha pengo), nikafunga kifuniko nikauacha ulale usiku kucha. Moto wa kwanza nikawasha mdogo tu gundi ishike. Mpaka leo haijatoka hata uzi. Sijui ni nani pale dukani aliyechagua kuleta gasketi ile, ila kijana yule siye.

Geji ndiyo sijui niseme nini. Nilivyoinunua ilikuwa inadanganya. Nilichemsha maji, nikatumbukiza ncha yake. Huku Dar tuko usawa wa bahari, maji yakitokota ni nyuzi 100, hayana ubishi. Yenyewe ikasoma karibu 120. Kijana alikuwa ameniapia kwamba ni ya Kijerumani. Ila nyuma yake ina nati ndogo, nikaizungusha kwa spana mpaka sindano ikakaa kwenye 100 ndani ya maji yale yale, na tangu hapo inasema kweli. Kwa hiyo ni mbovu au ni nzima? Siku nyingine nasema nzima. Mjue tu kwamba inapima hewa ya kwenye kifuniko, na usawa wa wavu joto si lile lile, msiifanye kuwa hakimu.

Mkaa, hapo sisi tumebarikiwa. Kwa wenzetu wananunua mkaa wa vipande vya mti kwa bei ya dukani, kwenye mifuko yenye picha. Huku kwetu ndio mkaa wa kila genge. Wasichoambiwa wengi ni kuzichekecha chenga. Chenga zikijaa chini zinaziba matundu na hewa haipandi, utadhani jiko limeharibika. Vipande vikubwa chini, vidogo juu. Na likishakuwa la moto sana msifunue kifuniko kwa pupa: kifungueni kidogo, kipumue, ndipo mkinyanyue, la sivyo hewa inaingia kwa ghafla na moto unakurukia usoni. Hili dukani hawakunitajia hata kidogo, walikuwa na haraka ya kumtafuta mzee.

Jirani yangu ananicheka, anasema serikali mwaka 2024 imezindua mkakati wa nishati safi, inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaipikia ifikapo 2034, na mimi ndio kwanza nafungua kiwanda cha mkaa barazani. Namjibu kwamba wali na chai napikia gesi kama yeye, lakini mkate wa kumimina wa kwenye gesi aule mwenyewe. Na kusema haki, hili jiko halili mkaa. Ukimaliza unafunga vitundu viwili, moto unazimika kwa kukosa hewa, mkaa uliobaki unautumia kesho.

Mkate umetoka, jamani. Juu hudhurungi, pembeni umeachana na sufuria wenyewe, ndani vitundu vitundu. Mama mkwe alikata kipande cha pili bila kuambiwa karibu.

Kwa hiyo nikitoa nyota: jiko, tano. Duka, moja, tena ni ya gasketi. Nilikuwa nimeandika sifuri kabisa na kuwashauri msikanyage pale, lakini gasketi ile sijaiona kwingine mjini, na ikichakaa sina budi. Kwa hiyo nendeni, lakini na boksi lenu lililokatwa na tepu yenu mkononi, na jiwe lisipoingia kwenye kipimo hapo hapo kaunta, msitoe pesa. Dada zangu mkiulizwa mzee yuko wapi, mjibu mtakavyoona inafaa. Na wavu waacheni kabisa. Fundi wa Gerezani ameshaniahidi wa ghorofa mbili, chini samaki changu, juu ndizi. Nimempelekea boksi juzi, ananizungusha na "kesho mama, kesho", na huyo naye asipoangalia nitamwandikia yake.