Ipi Ununue, Ipi Ukodi: Filamu Tano Nilizotazama Karibuni

Filamu nyingi hazistahili kununuliwa. Unazikodi, unazitazama usiku mmoja, basi. Kipimo changu cha kununua ni kimoja: nikishajua mwisho wake, nitairudia? Kwa kipimo hicho nimezipanga hizi tano, kuanzia ile ningeilipia bila kusita. Usiogope, simwagi mtama.

1. Apollo 11 (2019): nunua, tena nunua diski

Dokumentari hii ya Todd Douglas Miller inahusu safari ya mwezini ya mwaka 1969, na imejengwa kwa picha na sauti za wakati ule. Haina msimulizi, wala wale wataalamu wanaokalishwa kitini kukueleza ulichokwisha kukiona. Sehemu ya picha zake zilipigwa kwa filamu pana, zikakaa hifadhini miongo kadhaa bila watu kuziona. Ukizitazama kwenye skrini kubwa unaona hadi miwani ya jua ya watu waliofurika kushuhudia roketi ikiruka. Halafu ngoja chombo kianze kushuka mwezini: kengele ya kompyuta inalia, mafuta yanazidi kupungua, na sauti za wanaanga zimetulia kana kwamba wanasoma orodha ya vifaa. Unajua fika kwamba watatua salama, lakini moyo haukomi kudunda.

Kwa nini diski? Kwa sababu video ya intaneti hubanwa ili isikwamekwame, na weusi wa anga ndio huharibika kwanza. Unageuka mabaka ya kijivu. Kabla ya kulipa, tazama alama ya kanda kwenye kasha. Diski nyingi za Blu-ray za kawaida zimegawanywa katika kanda A, B na C, na mashine ya kanda moja inaweza kuikataa diski ya kanda nyingine. Zile za Ultra HD, zenye picha kali zaidi, hazina mgawanyo huo, ila zinahitaji mashine yake.

2. Hunt for the Wilderpeople (2016): nunua

Vichekesho vya Taika Waititi kutoka New Zealand. Mtoto mtundu anapelekwa kwa walezi wapya, kisha yeye na mzee mmoja mkali, anayeigizwa na Sam Neill, wanajikuta wakisakwa porini. Mwanzoni kabisa yule mtoto anashushwa kwenye gari la polisi, anaikagua nyumba mpya, halafu anarudi garini kimyakimya. Nilicheka mara ya kwanza, nikacheka zaidi niliporudia, maana sasa nilimjua. Vichekesho vinavyotegemea kushtukiza huisha utamu mara moja. Hivi vinategemea watu, ndiyo maana nasema nunua. Nakala ya kidijitali inatosha kabisa, picha si hoja hapa.

3. Arrival (2016): kodi kwanza

Viumbe wa anga wamefika, na badala ya kutuma jeshi peke yake, Marekani inamwita mtaalamu wa lugha, anayeigizwa na Amy Adams. Denis Villeneuve anakwenda taratibu, na kuna watakaosinzia. Lakini mwisho wake unabadilisha maana ya kila ulichokiona, kwa hiyo anayeirudia anatazama picha nyingine kabisa. Ikikushika, inunue. Na uvae visikilizio: ilipata Oscar ya uhariri wa sauti, na si kwa upendeleo.

4. District 9 (2009): kodi

Neill Blomkamp aliwaweka viumbe wa anga kwenye vibanda vya Johannesburg, na jina la filamu linakumbusha District Six, mtaa wa Cape Town uliotangazwa kuwa eneo la Wazungu mwaka 1966. Nusu ya kwanza, iliyopigwa kama taarifa ya habari, ni moto. Nusu ya pili ni risasi tu. Halafu kuna lile suala la Wanigeria kuchorwa kama majambazi na washirikina. Serikali yao ililalamika, na naona ilikuwa na haki. Usiku mmoja unatosha.

5. The Death of Stalin (2017): kodi, kama una moyo mgumu

Ni kichekesho kichungu kuhusu kifo cha Stalin, dikteta wa Kisovieti. Urusi iliizuia isionyeshwe. Ile sehemu ya mwanzo ya tamasha linalorudiwa kwa sababu ya hofu ni bora kuliko yote inayofuata, na hapo ndipo tatizo lilipo.

Kuhusu malipo: ukibonyeza "nunua" kwenye huduma ya mtandaoni, kwa kawaida unapata ruhusa ya kutazama, si mali. Haki zikibadilika, filamu inaweza kutoweka kwenye maktaba yako. Kwenye kukodi, huduma nyingi hukupa siku 30 za kuanza, lakini ukishabonyeza cheza una saa 48 tu. Usibonyeze huku macho yameanza kufumba.