Reactome: Kanzidata Inayokubali Kukaguliwa

Reactome ni kanzidata ya njia za kibayolojia, yaani mifululizo ya mimenyuko inayotokea ndani ya seli, inayopatikana bila malipo, na miongoni mwa zile zinazotumika sana ndiyo ninayoithamini kuliko zote kwa kazi moja mahususi: kuhakikisha kwamba molekuli iliyomo ndani ya mchoro ndiyo kweli ile ambayo msomaji anadhani anaitazama. Kazi hii hupuuzwa mara nyingi, kwa sababu mchoro uliopangwa vizuri huyaridhisha macho mapema, na jedwali la matokeo huonekana kamili hata pale ambapo sehemu kubwa ya vitambulishi vya mtafiti haikupata cha kuoana nacho.

Ubora wake unaanzia kwenye namna inavyotenganisha mambo mawili yanayochanganywa kwa urahisi, yaani molekuli kama inavyotambulika katika rejea za jumla, na molekuli hiyohiyo ikiwa mahali fulani ndani ya seli na katika hali fulani. Protini AKT1 ina rekodi ya rejea yenye namba P31749 katika UniProt, kanzidata ya protini. Ndani ya Reactome, AKT1 iliyo kwenye sitosoli (umajimaji wa seli nje ya viungo vyake) bila fosfati, AKT1 yenye fosfati kwenye threonini ya 308 na serini ya 473, na AKT1 ya namna hiyo iliyokwisha kuingia kwenye kiini, kila moja ina kitambulishi chake, huku zote zikirejea P31749. Vivyo hivyo, ATP ya sitosoli na ATP ya ndani ya mitokondria huandikwa kama vitu viwili. Uamuzi huu ni sahihi kibayolojia: ATP haivuki utando wa ndani wa mitokondria bila protini ya kuisafirisha, hivyo mtandao unaoifanya nukta moja huunganisha mimenyuko isiyokutana kabisa. Lakini anayehesabu protini hana budi kuhesabu rekodi za rejea. Akihesabu vitambulishi vya Reactome, AKT1 itaingia zaidi ya mara moja.

KEGG, kanzidata nyingine ya njia iliyoanzishwa mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Kyoto, imechagua wepesi: ATP ni C00002 popote ilipo. Kwa kutazama sura ya jumla ya umetaboli, ramani zake bado ni bora. Kwa kukagua mahali ilipo molekuli, hazitoshi.

Sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni molekuli ndogo, ambazo Reactome huziunganisha na ChEBI, kanzidata ya molekuli za aina hiyo. ChEBI ni makini mno katika kemia, na umakini huo ndio chanzo cha matatizo ya ulinganishaji. Asidi ya piruviki ni CHEBI:32816, ilhali piruveti, ambayo ni ioni iliyobaki baada ya asidi hiyo kupoteza protoni, ni CHEBI:15361. Katika mazingira ya kawaida ya seli, karibu yote huwa katika umbo la ioni, lakini orodha nyingi za vipimo vya maabara hutumia jina la asidi, kama HMDB, kanzidata ya metaboliti za binadamu, inavyofanya katika rekodi HMDB0000243. Mtu akilinganisha namba kwa namba, piruveti yake inaweza kutoweka bila onyo, na njia ya glikolisisi, yaani ya kuvunjavunja glukosi, ikaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Glukosi nayo ina rekodi kadhaa: umbo la alfa ni CHEBI:17925 na la beta ni CHEBI:15903, ingawa ndani ya maji maumbo haya hubadilikana yenyewe na vipimo vingi havitofautishi moja na jingine. Tiba ninayoipendekeza ni kutumia mahusiano ambayo ChEBI yenyewe imeyaandika kati ya asidi na besi zake, kuyapanua kabla ya kulinganisha, kisha kusoma kwa makini orodha ya vitambulishi visivyopatikana ambayo kifaa cha uchambuzi cha Reactome huitoa. Ningependa orodha hiyo ipewe nafasi ya mbele zaidi, maana thamani yake hailingani na nafasi iliyopewa sasa.

Jambo la pili la kufungua na kulitazama ndani ni seti, yaani kundi la molekuli zinazowekwa pamoja kwa sababu zinafanya kazi ileile katika mmenyuko. Katika glikolisisi ya binadamu, R-HSA-70171, hatua ya kutia fosfati kwenye glukosi hufanywa na seti ya vimeng'enya HK1, HK2, HK3 na GCK. Kemia ni ileile, kwa hiyo kuviweka pamoja kunaeleweka. Hata hivyo GCK hufanya kazi hasa kwenye ini na kwenye seli za beta za kongosho, wala haizuiwi na glukosi-6-fosfati kama HK1 inavyozuiwa. Anayeisoma seti kana kwamba wanachama wake wanaweza kubadilishana nafasi katika kila tishu atapotoka. Zipo pia seti zenye wanachama waliothibitishwa pamoja na wale wanaodhaniwa tu, na Reactome, kwa uaminifu unaostahili sifa, huyaweka makundi haya mawili katika sehemu tofauti. Tofauti hiyo hupotea pale mtumiaji anapopakua orodha bapa ya protini kwa kila njia. Anayeihitaji achukue data katika umbo la grafu, ambako uhusiano wa kila mwanachama na seti yake umehifadhiwa.

Kuhusu spishi nyingine, onyo ni fupi. Njia nyingi zisizo za binadamu zimekisiwa kwa programu kutokana na jeni zenye asili moja, na changamano (protini kadhaa zilizoungana) hukubaliwa ikiwa angalau asilimia 75 ya protini zake zina mwenza katika spishi husika. Kuwapo kwa njia ya panya katika kanzidata, basi, si ushahidi kwamba mmenyuko huo umepimwa kwenye panya. Ukurasa wa mmenyuko huonyesha kama umekisiwa, nao unapaswa kufunguliwa kabla ya kunukuu lolote.